Njia Iitwe Projestus

Jumatano, 5 Machi 2025. Majivu.

Kwaresima imeanza. Padri amesema kila mmoja aache kitu kimoja kinachomtenga na jirani yake. Nimefikiri njia nzima. Bia? Niliacha siku nilipostaafu ukarani kule Kurasini, au niseme bia ndiyo iliyoniacha. Nimeamua kuacha kinyongo. Leo hii hii.

Kinyongo chenyewe ni kwa Mzee Kornelio, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Niandike sababu, ili nijue vizuri ninachokiacha.

Sisi tunaishi kisiwani. Si kisiwa cha watalii. Mto Kizinga ukishuka kutoka Pugu unafika hapa kwetu, nyuma ya Mtoni, unagawanyika mikono miwili, halafu unakutana tena kule chini. Katikati ndiyo sisi: nyumba chache, migomba, matuta ya matembele, vyura wasiohesabika. Kiangazi unavuka kwa kuruka mawe. Masika unavuka kwa daraja la Kornelio. Magogo mawili ya mnazi, kamba, waya, na mkono wa kushikia aliouchonga mwenyewe, maana ni fundi wa vinyago, Mmakonde wa Newala. Kwenye nguzo ya mwisho amechonga kichwa cha mtu mwenye masikio makubwa. Watu wanasema ni mimi. Sioni tulipofanana.

Sasa basi! Bodaboda wote, wauza gesi, wauza maji, hata padri mwenyewe, hapa wanapaita "kwa Kornelio". Na mimi nilihamia kisiwani kabla yake! Alipokuja na mabati yake kichwani, ni mimi niliyemwonyesha mahali maji yasipofika. Mimi, mtu wa ofisi, ninayeweza kuandika barua ya malalamiko kwa Kiingereza bila kufuta. Halafu kwa Kornelio!

Basi, nimekiacha. Nilipokuwa narudi kanisani, majivu yangu kipajini, nimeteleza ukingoni na matope yamefunika msalaba wote. Kornelio amenivuta mkono kunitoa. Kisha amecheka mpaka akakaa chini.

Nitaanza kesho.

Ijumaa, 7 Machi.

Leo amekuja Nassibu, mwenyekiti wetu wa mtaa, midomo imemkauka kwa swaumu, pamoja na Loveness, binti wa ofisini kwake mwenye kishikwambi. Wametuita darajani. Habari kubwa! Njia inayopita katikati ya kisiwa itapewa jina rasmi. Itachimbiwa nguzo na kibao cha chuma. Jina litaingia mpaka kwenye ramani za simu.

Kabla hajamaliza, watu wote wameshaitikia: Njia ya Kornelio. Hata kufikiri hawakufikiri.

Nimesimama. Nimesema jina la njia ni jambo zito. Linafaa liwe la mtu mwenye elimu, mkaazi wa siku nyingi, aliyewahi kushika ofisi, na ikiwezekana jina lianze na P. Margareta, mwenyekiti wa jumuiya yetu, ameuliza kama ninamaanisha Mtakatifu Petro. Watu wamepiga makofi. Kidogo ipite! Nimeondoa hoja haraka.

Nassibu amesema hakuna papara, uamuzi mwisho wa mwezi. Ila akakumbusha: mwenye jina awe mkaazi wa kudumu, asiwe na kesi ya kiwanja, na nyumba yake isiwe imewekewa alama ya kubomolewa kwa ajili ya mto.

Hilo la mwisho limenikaa kichwani. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Machi.

Kornelio amekuja kucheza drafti kama kila jioni. Tunachezea visoda. Amenifunga. Ameleta korosho za kwao, nimezila kwa uchungu mpaka zikaisha.

Nimemchokoza kuhusu lile jina. Amesema linamtia aibu. Akisikia njia inaitwa Kornelio ataona kama ameshakufa na yeye hajaambiwa. Nikamwambia basi akatae. Akacheka. Eti mie nikatae watu, Karani? Ananiita Karani tangu tujuane. Wengine husahau hata hilo.

Masika iliyopita maji yalipoingia sebuleni, alitoka na godoro letu kichwani na cherehani ya mke wangu begani, kwa safari moja. Siandiki hili kwa kulikumbuka. Ni Demetria, mke wangu, anayenikumbusha kila wiki.

Jumapili, 9 Machi.

Nimefanya jambo.

Kisiwa kizima kilikwenda misa ya kwanza. Mimi nikasema tumbo. Demetria akaniangalia sana, kisha akaondoka. Uvunguni kulikuwa na nusu kopo ya rangi nyekundu ya sakafu, iliyobaki Demetria aliporemba sakafu ya sebule. Nikachukua na brashi.

Kila mtu wa Dar es Salaam anaijua ile X. Ikikaa kwenye ukuta wako, hata mtoto anajua nyumba itabomolewa. Nilipanga X ndogo tu, ya muda, mpaka jina lipite. Kisha ningeifuta mwenyewe kimyakimya. Lakini mkono ukishashika brashi una mambo yake! X ikawa kubwa, kutoka dirisha hadi mlango. Halafu, kwa mazoea ya kazi, nikaongeza namba ya kumbukumbu pembeni, na alama ya mkwaju katikati ya tarakimu. Imependeza. Nimesimama kuitazama muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Wamerudi. Kornelio amesimama mbele ya ukuta wake, ameisoma, akavua kofia. Sikuwa nimelitegemea hilo la kofia. Amekaa kwenye kigoda chake cha kuchongea, mikono magotini. Margareta ameanza kulia. Nami nikatoka nje, nikauliza kwa sauti kulikoni.

Usiku huu tumbo linauma kweli.

Jumatatu, 10 Machi.

Kornelio amekwenda kwa Nassibu. Nassibu amemwambia yeye hana taarifa, lakini mambo haya wakati mwingine yanashuka kutoka juu bila kupitia kwake, kwa hiyo hawezi kusema ndiyo wala hapana; ataulizia. Wakati huo huo Loveness amelitoa jina la Kornelio kwenye kishikwambi. Nimempelekea langu.

Nimeshinda! Nimejipikia chai ya maziwa.

Jioni hakuja kwenye drafti. Nimecheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kushoto ameshinda. Nikamshutumu kwa wizi.

Jumatano, 12 Machi.

Nyundo asubuhi. Nikadhani anachonga. Nimetoka: Kornelio yuko juu ya nyumba yake, anang'oa mabati.

Sikulifikiria hili! Nilidhani atafanya kama ambavyo ningefanya mimi: kuandika barua, kuomba kuonana na bwana fulani, kuambiwa aje kesho, miaka ipite. Kumbe yeye ni mtu akiambiwa ondoka, anaondoka. Anasema ameona kwa wengine. Katapila likija halichagui, linakunja bati, mlango, dirisha na picha ya harusi. Mwenye akili anavua paa mwenyewe mapema, anabeba mali yake.

Nimepanda ngazi nusu. Nimemwambia alama hizi nyingine hufifia zenyewe. Nimemwambia serikali ni mtu wa pole pole. Akasema Karani, mie sitaki kukutwa. Kisha akanipa jembe lake la akiba, maana Buguruni kwa binti yake Jenipher hakuna pa kulima.

Nimelipokea! Nimesema asante!

Jioni Demetria alikwenda kumpa pole. Akaukwaruza ukuta kwa ukucha. Akarudi ndani, akaitazama sakafu yetu ya sebuleni. Kisha akanitazama mimi. Ni mwalimu wa darasa la nne. Anajua kusimama mbele ya mtu mpaka mtu aseme. Sikusema. Akaniambia hatanisaidia katika hili. Mdomo uliokula korosho zake ndio utakaosema, Baba Clara, na useme kabla Baba Jenipher hajaondoka.

Clara ndiye binti yetu, yuko Dodoma. Namshukuru Mungu yuko Dodoma.

Ijumaa, 14 Machi.

Nimekwenda kitubio. Mstari mrefu. Nimemwambia padri nimechafua ukuta wa jirani. Ameuliza kwa nini. Nimesema rangi imeponyoka. Akasema basi nikamsafishie, na Salamu Maria tatu. Zimeisha kabla sijafika Mtoni.

Nimenunua mafuta ya taa ya kufutia. Lakini nifute vipi, na mwenye ukuta amekaa hapo hapo anafunga vinyago kwenye magunia! Nimemkaribia. Nimefungua mdomo. Nimemuuliza kama kamba zinatosha.

Nikageuka nyumbani na aibu yangu. Njiani nimepata wazo. Zuri kabisa! Kornelio anaogopa kwa sababu yuko peke yake. Nami nikijichorea X, halafu nisihame, nisitikisike, ataona kwamba X si kitu. Ataiga ushujaa wangu. Mabati yatarudi juu, na hakuna atakayehitaji kukiri lolote.

Jumamosi, 15 Machi.

Nimelowa. Naandika chini ya mwavuli.

Asubuhi wote walikuwa kwenye jumuiya kwa Margareta. Nikajichorea. Nimeiga namba ile ile, nikaongeza moja. Walipotoka nikawangoja mlangoni. Nikasema: tazameni, na mimi wameniwekea! Na siendi popote! Nikahutubia. Nikasema ardhi hii naijua kila tope lake. Baadhi yao walitikisa kichwa kwa huruma. Demetria alikuwa ameshapitiliza sokoni, bahati yangu.

Kornelio ameisoma X yangu. Kisha akanikumbatia. Akasema Karani, na wewe pia, jamani. Akalia. Na mimi nikalia. Machozi ya aibu na ya huzuni yanafanana, hakuna aliyeuliza ni yapi.

Mambo yalikwenda vizuri, hivyo nikavuka kwenda kwa Nassibu, nimsimulie msimamo wangu kabla hajausikia kwa watu. Nikakaa. Nikausimulia mara ya pili mke wake alipotoka ndani.

Narudi. Nyumba yangu haina paa.

Haina paa! Mabati yamepangwa chini kwa ukubwa wake. Misumari imenyooshwa yote, imo kwenye kopo. Kisiwa kizima kilikuwa hapo kinanywa maji, na Kornelio jasho linamtiririka. Amesema aliisikia hotuba yangu, akaelewa. Eti mimi ni mtu wa fahari, siwezi kuomba msaada. Fahari hiyo ingenilia mabati. Kwa hiyo kabla hajaondoka akaona anitendee hilo. Akawaita majirani, wakaimba, wakamaliza upesi.

Nimesema asante. Naisema sana wiki hii.

Hapa jua lilikuwa linawaka. Pugu kulikuwa kweusi. Sisi wa kisiwani tunatazama Pugu, si juu. Alasiri ikateremka yote, mvua na mto pamoja.

Demetria amerudi na kapu lake. Ameona makochi yanalowa, redio, kabati la vyombo, picha ya Baba Mtakatifu. Ameona X. Amefungua mwavuli, akakaa kwenye kochi, akauweka mguu mmoja juu ya mwingine, akatazama mbele. Baadaye kidogo akanisogezea nafasi. Hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Jumatatu, 17 Machi.

Demetria amekwenda Goba, kwa kaka yake Rogers. Goba ni milimani. Huko maji ni kitu kinachopita kwenda kwa watu wengine. Ameniachia ujumbe kwa Margareta: atarudi kukiwa na paa na mdomo.

Nalala chini ya turubai. Vyura wanaingia kama waliokaribishwa.

Jioni Kornelio amekuja na mihogo ya kuchemsha. Ana furaha. Ameshaongea na Jenipher; kuna chumba kitupu uwani kwao Buguruni, mlango kwa mlango na chake. Ametushikia mimi na Demetria. Anasema drafti isikatike kwa sababu ya X. Anasema mahali papya mtu anahitaji walau sura moja anayoijua.

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Hakuna mtu mwingine. Giza bado. Angecheka, pengine angenipiga kibao kimoja, tukaendelea. Nilikuwa na muhogo mdomoni. Nimeumeza. Nimesema nitafikiria.

Alhamisi, 20 Machi.

Ameondoka.

Mkokoteni ulisimama ng'ambo. Watu wamebeba kila kitu darajani: mabati, magunia ya vinyago, kitanda, kuku kwenye tenga. Yeye alikuwa wa mwisho. Alikuwa anakaza kamba za daraja huku akirudi nyuma, hatua kwa hatua, kana kwamba atavuka tena kesho. Akaniita. Akanionyesha fundo la kukaza Pugu kukinyesha, na fundo ambalo mtu asiliguse kabisa. Sikusikiliza. Nilikuwa napanga sentensi kichwani. Nilikuwa nimeshafika kwenye "Mzee Kornelio, kuna jambo".

Akanipa ubao wa drafti na visoda vyake. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Nimemwambia safari njema.

Elimu yangu yote. Kiingereza changu chote. Safari njema! Nimesimama ukingoni mpaka mkokoteni umekata kona.

Nimejuta. Naliandika neno hili peke yake, nisije nikalificha kwenye maneno mengine. Nimejuta.

Jumapili, 23 Machi.

Pugu kumenyesha. Margareta na wengine wamekuja kwangu mbio, maana wanajua mimi ndiye niliyeonyeshwa. Kamba ipi? Nimeyatazama mafundo. Yote yanafanana. Nikakumbuka moja ni la kukaza na moja si la kugusa. Nikachagua kwa kujiamini.

Daraja limekwenda. Kwanza gogo moja, taratibu, likifuatwa na jingine. Tumelisindikiza kwa macho mpaka kwenye migomba ya chini. Imebaki ile nguzo yenye kichwa, peke yake, masikio juu ya maji.

Sasa tunavuka kwa kupita majini. Sare za watoto kwenye beseni, beseni kichwani. Wanaokwenda kazini wanavaa kaptura hapa, wanavaa suruali ng'ambo, nyuma ya genge la nyanya. Kuna mama amevuka na keki ya kipaimara juu ya kichwa, uso umekaza, hapumui. Amefika. Tumempigia makofi.

Hakuna aliyenilaumu usoni. Margareta amesema tu kwamba Mzee Kornelio angekuwepo. Hakumaliza sentensi. Nami nimerudi kwenye turubai langu, nimeketi mbele ya drafti, sikucheza.

Ijumaa, 28 Machi.

Kibao kimefika!

Nassibu na Loveness wamevuka na nguzo begani, viatu mikononi. Jina lililobaki kwenye kishikwambi lilikuwa moja, langu; X yangu hakuna aliyekumbuka kuiingiza humo. Wengine hawakupendekeza tena. Hawakuwa na moyo nalo. Wamechimba, wamesimika, wamekaza. NJIA YA PROJESTUS. Herufi nyeupe. Nimevaa koti la kazini. Nimesimama pembeni yake nikingoja watu wapite.

Hawakupita. Wapite vipi? Mto umejaa.

Jioni ndiyo nimelisikia jina langu kwa mara ya kwanza. Muuza gesi alisimama ng'ambo, Margareta anamwita kwa mikono, naye anajibu kwa sauti kwamba mie kwa Projestus siji, dada, kule kwa Projestus watu wanazama. Bodaboda wawili wakaitikia. Kisha kijana mmoja akateleza majini na mfuko wake wa unga. Alipoinuka alilitaja jina langu, na akaongezea mengine ambayo siwezi kuyaandika wakati wa Kwaresima. Watoto wa Margareta wana mchezo mpya. Mmoja anaanguka chini, wenzake wanapiga kelele: amekwenda kwa Projestus!

Ndiyo jina lenyewe hilo. Nimelipata.

Jumapili, 30 Machi.

Nassibu ameniita kwake. Majibu yametoka: hakuna ofisi iliyotuma mtu kuweka X kisiwani. Haikuwekwa moja wala ya pili. Ni mhuni tu! Nimeshangaa kwa bidii.

Moyo umeruka. Basi atarudi! Na mimi sikulazimika kusema kitu! Nassibu akampigia Kornelio hapo hapo, akaweka spika.

Kornelio amesikiliza mpaka mwisho. Ameshukuru. Ameuliza habari za kila nyumba, moja moja. Kisha amesema hatarudi. Kibanda kinajengeka, amesema, hilo si tatizo. Ila kumbe si serikali. Kumbe kuna mtu wa pale pale kisiwani aliyeshika brashi kwa sababu hakutaka kumwona. Akirudi, kila asubuhi itabidi amwamkie kila mtu huku anajiuliza, je, ni huyu? Hawezi. Afadhali akae mbali, awakumbuke wote kuwa ni wema.

Akaniulizia mimi. Akasema Karani asihuzunike sana, na ale. Akasema kile chumba cha uwani bado hajampa mtu.

Nimelia mbele ya Nassibu. Amenipa kitambaa chake. Amesema kumbe ulimpenda sana yule mzee. Nimesema ndiyo. Ni neno la kweli pekee nililolisema tangu Majivu.

Jumatano, 2 Aprili.

Nimefikiri siku hizi zote. Ningeweza kwenda Buguruni nikasema. Nimelijadili hilo kwa uaminifu, pande zote mbili. Lakini ni mbali, na mto umejaa. Na nikisema, hao anaowakumbuka kuwa wema watapungua mmoja. Nimkoseshe mzee wa watu kwa faida gani?

Kisha nimepata wazo. Sijui kwa nini halikunijia mapema!

Kornelio hataki kurudi kwa walio hai. Sawa. Lakini mtu huyu hajawahi kukosa msiba. Mwaka juzi alivuka maji ya kiunoni kwenda kuzika mtu ambaye hata jina lake alikuja kulisikia makaburini. Kwa hiyo kinachohitajika ni msiba tu. Wa nani? Nimemfikiria Margareta, lakini ana afya, na angekataa. Lazima niwe mimi.

Jana nilikuwa tayari, ila ilikuwa Aprili mosi, siku ya wajinga. Ningeonekana mtu wa mzaha. Nimesubiri mpaka leo asubuhi, nikaandika kwa simu yangu mwenyewe, kama familia nyingi zinavyofanya: "Tunasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu Projestus, karani mstaafu, msomi, mkaazi wa kwanza wa Njia ya Projestus. Taarifa za mazishi zitafuata. Familia." Hapo kwenye msomi nilitamani kuongeza mstari mmoja zaidi, nikajizuia.

Nimetuma. Katika kubonyeza, kidole kimeteleza, ujumbe umekwenda kwa namba zote, si kwa Kornelio peke yake.

Kornelio amepiga papo hapo. Siwezi kupokea, nimekufa. Amepiga tena. Kisha ameandika: anakuja sasa hivi na wakwe zake, na mbao na kamba. Anasema hawezi kukubali jeneza la Karani livushwe majini kichwani kama gunia la mkaa. Watajenga daraja kwanza, ndipo walie.

Daraja! Na yeye mwenyewe! Kwa mpigo mmoja!

Atakaponikuta hai atafurahi mpaka asahau kuuliza. Akiuliza, nitasema simu iliibwa. Na aliyeiba ni nani? Ni yule yule mhuni wa X! Inakaa sawa kabisa.

Simu haijatulia. Rogers. Clara, mara nyingi. Demetria anapiga, inakatika, anapiga tena, inakatika, anapiga tena. Nimeigeuza kifudifudi.

Ng'ambo naona wameshaanza kukusanyika. Mke wa Nassibu yupo, na muuza gesi, na bodaboda wamezima pikipiki zao. Yupo mwanamke anayefanana na Demetria, anataka kuingia majini na wenzake wamemshika. Wanalia. Wanalitaja jina langu vizuri, taratibu, lote. Sijawahi kulisikia likitajwa hivyo tangu nizaliwe. Nimeshusha turubai na kujifunika shuka. Nafikiri nitabaki maiti mpaka daraja liishe.